Siku Niliyokaanga Udongo wa Mama

Aibu hii siwezi kuificha hata nikitaka, maana mashahidi wake ni mtaa mzima, na kila nikipita kwenda kununua makala ya jiko lazima kuna mtu ananusa hewa kwa makusudi na kuniuliza, "Shefu, leo tunakimbia ama tunabaki?", kwa hiyo bora niwasimulie kwa mdomo wangu mwenyewe kuliko mkasikie kwa Mama Furaha, ambaye kila akisimulia ananiongezea kilomita na kunipunguzia nguo. (Nilikuwa nimevaa shati. Halikuwa na vifungo vyote, lakini lilikuwa shati.)

Mimi ni nyumba kumi, shefu wa avenyu yetu hapa Mabanga, Goma. Nyumba kumi ndiye mkubwa wa serikali aliye karibu zaidi na mlango wako: ukigombana na jirani kwa ajili ya maji ya mvua unaniita mimi, mgeni akilala kwako unaniambia mimi, na baada ya volkano kushuka mara ya mwisho na kula nyumba za watu, mimi ndiye niliyewafundisha watu wangu kukimbia. Nasema niliwafundisha, sikuwaambia tu. Wakubwa wa avenyu nyingine waligawa karatasi zenye picha, watu wakafungia karanga. Mimi niliwatoa watu nje Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi, wakiwa bado na majembe na mafagio mkononi, nikawapanga, nikapiga filimbi, wakakimbia mpaka barabara kubwa, wakarudi, nikawaambia wamekimbia kama watu wanaokwenda harusini, tukaanza upya. Kanuni zangu kila mtoto wa avenyu anazijua kwa moyo: ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, ukiona moshi, ukisikia ardhi inatikisika, usiulize swali, usirudie godoro, beba watoto, beba wazee, shika njia ya Ndosho. Filimbi moja nilibaki nayo mimi, ya pili nilimpa Mama Furaha, rais wa kina mama wa avenyu, kwa sababu ana kifua. Avenyu za jirani zilitucheka sana. Mimi nilikuwa natembea kichwa juu, na hata leo, pamoja na yote nitakayowaambia, sijakishusha sana.

Sasa nije kwa mama yangu mzazi, ambaye hapa mtaani wanamwita Koko. Waasi walipofika kwetu Rugari, watu waliteremka Goma na magodoro, mbuzi na sufuria, kila mtu na alichoweza kunyakua. Mama yangu aliteremka kwenye pikipiki amekumbatia gunia. Nikafikiri ni maharagi. Nikalipokea, likanivuta chini, nikalifungua: udongo. Udongo mweusi wa shamba lake, bado una vipande vya mizizi.

"Mama," nikamwambia, "godoro iko wapi?"

"Godoro nitalalia ya kwako," akajibu. "Budongo yako iko wapi?"

Parsele yangu, kiwanja chote, ni mawe ya volkano kuanzia mlangoni mpaka chooni, na shimo lenyewe la choo tulilipata kwa nyundo na maombi. Basi tukaupanda udongo ndani ya nyumba, maana nje kuna kuku wa watu na mbuzi wa watu na vidole vya watu. Tukaujaza ndani ya mikebe ya maziwa, bidoni za maji zilizokatwa, ndoo zilizopasuka, hata bote langu, kiatu cha mvua kilichobaki kimoja, lilipata mche wa pilipili. Saloni yetu, sebule ya wageni, ikawa shamba. Lengalenga, mchicha wetu, dirishani, nyanya zikapanda pazia, mgeni akija anaombwa asiegemee ukuta. Na mama, ambaye wiki za kwanza alikuwa anakaa kimya kama mtu anayesubiri kuitwa, akaanza kuamka mapema, akaanza kuzungumza na nyanya, halafu na sisi, halafu akagombana na mke wangu, Mama Aline, kuhusu chumvi, nikajua kwamba amepona.

Halafu wakaja wadudu. Vizi vyeusi, vijinzi vidogo kabisa, ukimwagilia maji vinanyanyuka kama moshi, ukimimina chai vinaingia vya kwanza. Hivyo vya juu vilikuwa ni matusi tu. Adui mwenyewe alikuwa chini: vifunza vyeupe, vyembamba kama uzi, vinakula mizizi. Lengalenga ikawa njano, nyanya zikalala. Tukang'oa, tukapanda upya katika udongo uleule (hapo mjinga ni nani kama si mimi, ni sawa na kubadilisha shuka na kuacha kunguni), vikarudi na ndugu zao. Tukajaribu tena, ikawa vilevile.

Watu wote walisema, tupa. Mama Aline alisema, tupa, au unichague mimi au hivyo vizi. Lakini tukitupa tunapata wapi mwingine? Udongo wa Goma unatoka upande wa Rutshuru kwa lori, na barabara ile ilikuwa mikononi mwa waasi. Na hata ungepatikana, usingekuwa wa shamba la mama. Yeye aliacha kuja saloni. Akawa analala mchana ameelekea ukuta, sahani inaingia chumbani imejaa na inatoka imejaa. Siku moja nikakaa kando yake, akaniambia bila kugeuka, "Ata budongo imenikatala." Kuna maneno mtu mzima akiyasikia kwa mama yake anatoka nje kwanza. Nikatoka nje, nikasimama juu ya mawe yangu, nikaapa kwamba udongo ule utapona, hata kama ni mimi nitakayeumwa.

Na hapo nikakumbuka mahindi. Mahindi yakiingia wadudu, watu wanayakaanga. Karanga zinakaangwa, kahawa inakaangwa. Ni mdudu gani atakayevumilia sufuria?

Uamuzi huo wa kukaanga ulikuwa mzuri, na ninautetea mpaka leo. Uamuzi mdogo ulioniponza ulikuwa ule wa pili: nikaanga wapi? Mtu mwenye akili angekaanga uani, peupe, majirani wakapita wakacheka wakaenda zao. Lakini mimi ni nyumba kumi. Nimewapatanisha watu, nimezika watu, nimesimama mbele ya watu na filimbi, halafu wanione nimechuchumaa nakaanga udongo kama mgonjwa wa kichwa? Hapana. Nikasubiri Jumamosi, salongo ikaisha, Mama Aline akaenda soko, mama amelala chumbani, nikaingiza mbabula, jiko la makala, saloni, nikafunga mlango, nikavuta pazia.

(Sufuria. Kuhusu sufuria pia niseme ukweli. Sufuria yetu ya nyumbani ilikuwa ndogo, na pale pembeni palikuwa na ile kubwa ya kina mama wa avenyu, ile inayopikia watu matangani na kwenye harusi, imewekwa kwangu kwa sababu nyumba yangu inaaminika. Nikajiambia nitaiosha.)

Mwanzo ulikuwa mtamu. Udongo ulipopata moto ulitoa mvuke, na ule mvuke ulinukia shamba la Rugari baada ya mvua, mpaka nikaanza kuimba pole pole. Vizi vilinyanyuka, vikapiga duara, vikaanguka. Nikakoroga na mwiko, najiona daktari. Lakini nilikuwa nimesahau mbolea ya mama. Yeye nyanya zake alizilisha mavi ya mbuzi, vichwa vya sambaza, wale dagaa wa ziwani, na mayai yaliyoharibika, yai zima kwa kila mkebe, limezikwa chini. Moto ulipoyafikia yale mayai, ndugu zangu, nilisikia machozi yakishuka yenyewe. Nikaogopa kufungua mlango, nisije nikaonekana. Nyumba yetu ni ya mbao, na mbao zina nafasi, na chini ya mabati kuna nafasi nyingine, kwa hiyo moshi haukuniuliza mlango uko wapi, ukatokea pande zote.

Nje, mambo yalijipanga bila mimi. Mawingu yalikuwa yamefunika mlima wa volkano, kama kawaida yake mchana. Kwenye barabara kubwa yakapita magari mazito ya askari yanakwenda upande wa mapigano, na mtaani kwetu gari zito likipita, mawe yote yanatetemeka na vikombe vinagongana. Na Mama Furaha alikuwa anaanika unga wa muhogo. Akasikia ardhi. Akainua kichwa, akaona moshi juu ya mabati. Akavuta pumzi: mayai yaliyooza. Mwanamke yule alifanya kama nilivyomfundisha, hakuuliza swali, alipiga filimbi.

Mimi niko ndani, mwiko mkononi, nasikia filimbi.

Nawaapia, kama kuna mtu angeniuliza dakika ile, "Shefu, huu moshi unatoka wapi?", ningemjibu vizuri kabisa. Lakini nani aniulize, wakati kanuni ya kwanza, niliyoitunga mwenyewe, inakataza maswali? Nilisikia harufu, ndiyo. Niliona moshi, ndiyo. Ardhi ilitikisika, ndiyo. Miguu iliondoka, akili ikabaki inafunga viatu. Nikatupa mwiko, nikanyakua kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nikatoka mbio.

Na huko nje nikaona jambo ambalo mpaka nitakapozikwa nitalisimulia. Avenyu yangu ilikuwa inakimbia, na inakimbia vizuri! Papa Josué amembeba mgongoni yule muzee kipofu wa nyumba ya pembeni. Wasichana wamebeba watoto ambao si wa kwao, kila mmoja yule niliyempangia. Mama mjamzito amekalishwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, watu wanaisukuma mbele na nyuma. Hakuna aliyerudia godoro (fundi cherehani alirudia cherehani, lakini huyo tulishamsema). Hakuna kelele. Mimi nakimbia pembeni yao, machozi ya mayai yamechanganyika na machozi ya furaha, nalia nasema, "Muzuri sana! Muzuri! Mushike kuume!" Na kwa kuwa furaha ikizidi inamfanya mtu mjinga, nikatoa filimbi yangu na mimi, nikapiga kwa nguvu zote, ili hata zile avenyu zilizotucheka zipone. Zikatoka. Zikatoka na magodoro, na kuku, na televizyo, bila mpango wowote, wanakanyagana nyuma yetu. Niliwatazama nikawaonea huruma.

Kitu kimoja tu kilinisumbua njiani: tulivyozidi kwenda mbali, wengine walisema harufu inapungua, mimi kwangu haikupungua. Nikikimbia inakimbia. Nikisimama inasimama.

Tulipofika Ndosho pumzi zilikuwa zimekwisha. Mafundi wa chukudu wameacha misumeno wanatutazama, na kando yao mama mmoja anakaanga mandazi.

"Munakimbia nini?" akauliza.

"Volkani!" tukajibu wote.

Akageuka, akatazama juu. Na mlima, ambao ulikuwa umejificha mchana kutwa, ukachagua saa ileile kufungua mawingu. Ulikuwa umetulia pale, msafi.

"Na harufu je?" nikasema. "Hamusikie harufu?"

Akanitazama. "Harufu iko kwako, papa. Sogea mbali na mandazi yangu."

Ndipo nikatazama mkononi. Kitu nilichonyakua nyumbani kilikuwa ni kifuniko cha sufuria. Mama Furaha alikuwa ameshafika kando yangu, filimbi inaning'inia shingoni, anahema. Akakiona. Kina mama walikuwa wamefunga uzi mwekundu kwenye mshikio wake ili kisipotee matangani. Akakichukua, akakigeuza. Upande wa chini kulikuwa na udongo umeganda, na vifunza vimekauka. Akanusa.

"Shefu," akasema, "hii haiko kifuniko ya sufuria ya bamama?"

Nikautazama mlima.

"Uko napika nini mu sufuria ya bamama?"

Mimi, niliyehutubia mikutano, nilipata neno moja tu. "Budongo."

Aliyeanza kucheka ni yule wa mandazi, kisha mafundi, kisha avenyu yangu yote, watu wakakaa chini barabarani. Avenyu nyingine hazikucheka, zilikuwa zinauliza kama nyumba kumi anaweza kupigwa na sheria ikanyamaza. Nikasimama nikapokea. Na katikati ya kicheko kile, yule muzee kipofu, bado yuko mgongoni kwa Papa Josué, akauliza kwa upole, "Na Koko? Koko iko wapi?"

Kicheko kikakatika. Nikamtafuta Jules, dereva wa pikipiki, kijana wa watu niliyempangia kumbeba mama yangu. Alikuwa nyuma, ameshika kiganja.

"Nilienda kumubeba, Shefu. Alinipiga na mwiko. Alikatala."

Hapo ndipo niliona aibu yenyewe, ile mliyoicheka ilikuwa ni mchezo. Nimefundisha mtaa mzima kubeba wazee, na mimi nimebeba kifuniko. Nyumba ya mbao, mbabula imewaka, moshi umejaa, na ndani yake mama yangu. Sikumbuki njia ya kurudi. Najua tu Jules alinipita na pikipiki akanipakia nikiwa bado nakimbia, na nyuma yangu avenyu yote ilikuwa imesimama tena, inarudi mbio, bila filimbi.

Nilikuta mlango wazi, madirisha wazi, pazia limefungwa fundo. Moshi ulikuwa umekwisha. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao kando ya mbabula, kitambaa puani, mwiko mkononi, anageuza udongo taratibu kutoka chini kuja juu. Mle ndani ya sufuria udongo ulikuwa mweusi, mkavu, mwepesi, na harufu ya mayai ilikuwa imeungua ikaisha.

Akanitazama kuanzia kichwani. "Chini umeunguza, juu iko mbichi. Nani alikufundisha kukaanga?"

"Mama," nikasema, "juu ya nini haukukimbia?"

"Nilishakimbiaka na hii budongo mara moja, mwana wangu," akasema. "Kuikimbia yenyewe, hapana." Akageuza mwiko tena. "Mama Aline akitoka soko, apike. Niko na njaa."

Nikakaa chini palepale, nikalia mbele ya watu waliokuwa wamejaa mlangoni, na sikujali filimbi wala cheo.

Hukumu ilitolewa jioni ileile na kina mama. Kwanza, nisugue sufuria yao kwa majivu, uani, peupe, wao wakitazama. Nilisugua mpaka wakaona nyuso zao ndani yake, na Mama Furaha akasema bado. Pili ilikuwa amande, faini yenyewe: kila nyumba iliyokimbia ipate mkebe mmoja wa ule udongo, na mche ndani yake. Hapo moyo wangu ulikauka kuliko udongo wenyewe, maana sufuria ninaweza kusugua, lakini gunia lile halikuwa langu kugawa, lilikuwa shamba lote alilobaki nalo mama. Wote wakamgeukia. Akauchota udongo, akausugua kati ya vidole, akaupuliza.

"Mulete mikebe," akasema.

Tuliuacha upoe, tukachanganya na mbolea iliyooza vizuri (mayai nimeyapiga marufuku katika avenyu yangu, na mtu ajaribu), tukapanda. Vizi havikurudi. Nyanya za amande sasa zinapanda mapazia ya avenyu nzima, zile avenyu zilizotaka kunipiga zimekuja kuniomba niwafundishe kukimbia, na nimewafundisha, bado wanakimbia vibaya. Najivunia? Najivunia sana. Onyesheni mtaa mwingine wa Goma uliokimbia vizuri vile kwa ajili ya bure.

Lakini nimeapa: sitakaanga tena kitu nyuma ya mlango uliofungwa, hata yai. Kama una jambo la kuchekesha la kufanya, lifanye uani. Majirani watakucheka, lakini hawatakimbia.

Rugari bado hatujarudi. Ila kila asubuhi mama anajifunga kitenge, anachukua kibidoni chake cha maji, na Mama Aline akimuuliza anakwenda wapi mapema hivi, anajibu bila kusimama, "Niko naenda ku shamba." Halafu anaanza na mlango wa Mama Furaha, anabisha, anaingia, anakagua mkebe, anamgombeza mwenye nyumba kuhusu maji, anatoka, anakwenda mlango unaofuata. Mpaka amalize avenyu nzima, jua limeshapanda, na anarudi amechoka kama mtu aliyelima.